Mbuzi hakuwa na kasoro: kisa cha moyo wa kompyuta uliogeuka pande

Ntaanza na siku ya mbuzi manake ndio siku mambo yalipofichuka, alafu ntarudi nyuma nieleze vile tulifika pale.

Khalati yangu, yaani dada ya mama, ni mwalimu wa anatomia kwenye chuo kimoja cha mafunzo ya afya hapa kisiwani Mombasa, chuo chenyewe sikitaji. Siku hio alipitia bucha ya Majengo alfajiri akanunua mioyo sita ya mbuzi, na alikuwa ashamwambia muuzaji tangu jana yake asiikate ile mirija ya juu, manake mabucha huikata fupi na moyo bila mirija ni nyama tu. Akaiosha, akaipanga kwenye sinia, kila meza sinia moja. Swali lake lilikuwa jepesi: shikeni moyo, uelekezeni vile ulivyokuwa kifuani, mnionyeshe ventrikali ya kulia, kile chumba cha chini kinachosukuma damu. Bila kupasua.

Hawa si wanafunzi wabovu. Walikuwa na wiki tatu wakisoma moyo kwenye simu zao, modeli ya 3D niliyowatengenezea mimi, unaizungusha kwa kidole, unaipasua, unaona damu ikipita. Wakaushika moyo vizuri, ule mrija mkubwa wa kwenda mapafuni wakauweka mbele, sawa kabisa, alafu wakaonyesha upande wa mkono wao wa kulia wakasema hii hapa. Khalati akawaambia minyeni. Wakaminya. Ukuta mnene, mgumu kama tairi. Na wao wanajua vizuri kwamba ventrikali ya kulia ndio nyembamba, ya kushoto ndio nene kwa sababu yasukuma damu mwili mzima. Hapo sasa kukawa kimya.

Kijana mmoja wa meza ya dirishani akainua mkono, "Mwalimu, huyu mbuzi ana kasoro. Moyo wake umegeuzwa." Darasa likacheka. Lakini meza ya jirani wakasema hata wetu, na ya nyuma pia, mpaka ikawa mbuzi wote sita wana kasoro moja na wametoka bucha moja. Khalati aliniambia baadae, "Mbuzi mmoja ningemkubali. Sita, hapana." Akachukua simu ya mwanafunzi, akaiweka kando ya sinia, akatazama huku akatazama huku.

Mimi nlikuwa kwenye feri Likoni simu ikalia.

"Salaam alaykum khalati."

"Alaykum salaam. Mwanangu, huu moyo wako umeutoa wapi?"

"Kwani vipi?"

"Uko kinyume."

"Kinyume vipi khalati, majina si ulipitia wewe mwenyewe?"

"Majina yako sawa. Moyo ndio uko kinyume. Njoo."

Sasa turudi nyuma. Mimi kazi yangu ni michoro ya 3D ya majumba, yaani mtu ana kiwanja Nyali au Diani hajaweka hata jiwe, mimi namtengenezea picha ya nyumba imekwisha na mnazi na gari mlangoni, auzie watu. Anatomia sijasomea. Khalati alinijia kwa sababu chuoni kwao kulikuwa na kiwiliwili kimoja cha plastiki, kile cha kufungua kifua ukitoa kiungo kimoja kimoja, na moyo wake ulishavunjika ukagandishwa na gundi haufunguki tena, na darasa ni kubwa, wanaokaa nyuma huona mgongo wa wenzao tu. Akaniuliza, wewe si wafanya yale mambo ya kompyuta ya manyumba, moyo waweza? Nkasema naweza. Kijana akiulizwa na khalati yake hasemi hawezi.

Ntaeleza kazi yenyewe inavyoenda manake kosa limo humo ndani. Moyo wa kweli haukuchorwa na mimi, umetoka kwenye CT skani ya mtu asiyejulikana, zile zinazotolewa bure kwa mafunzo, jina limefutwa. CT skani mwisho wake ni kama mkate wa slesi, mashine inakupa picha nyingi nyembamba za mwili uliokatwa kwa mapana, moja juu ya nyingine. Kila nukta kwenye picha ina namba yake, wanaita namba za Hounsfield, kwa yule Mwingereza Godfrey Hounsfield aliyeipata Nobel mwaka wa 1979 pamoja na Allan Cormack, na huyu Cormack ni mzaliwa wa Johannesburg, hesabu zake alianza kuzipigia Cape Town, kwa hivo Afrika nasi tumo kwenye hii hadithi ingawa watu huisahau. Maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa hupanda mia kadhaa mpaka kupita elfu. Kwenye skani ya moyo mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha damu, so unaiambia programu nikusanyie kila nukta yenye namba kuanzia hapa kwenda juu, na damu inajitenga na nyama.

Ukishapata hizo nukta unazifunika ngozi. Njia ya kufunika yenyewe ni ya mwaka 1987, William Lorensen na Harvey Cline wa General Electric, Marekani. Inachukua nukta nane zinazofanya kijisanduku, inauliza kila kona iko ndani ya kiungo ama nje, kona nane zina hali 256, lakini ukiondoa zinazofanana kwa kugeuzwageuzwa zinabaki 15, na kwa kila hali kuna pembetatu zake tayari. Kijisanduku kimoja, kinachofuata, kinachofuata, mpaka moyo mzima umevaa pembetatu. Mimi hii kitu huipenda wallahi. Ni kama mtu anayeweka tailsi choo chote kwa vipande aina 15.

Moyo wangu wa kwanza ulikuwa na pembetatu milioni 1.4. Kila pembetatu kwenye aina ya faili niliyotumia inakula baiti 50, piga hesabu mwenyewe, ni MB 70 ya moyo peke yake. Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zimeingilia hapahapa Mombasa tangu 2009 lakini mwanafunzi wa Kisauni bado anahesabu MB kwenye bando lake, na simu zenyewe ni zile za bei ya chini, ukiipa pembetatu milioni inapata moto mfukoni. Ikabidi kupunguza. Nikashuka mpaka elfu 60. Hapo mishipa midogo inayolisha moyo wenyewe ikakatikakatika kama tambi zilizovunjwa, nikairudishia kwa mkono mmoja mmoja. Vali nazo, yaani vile vilango vya damu, CT haikuzitoa vizuri, ni ngozi nyembamba mno na zapepea saa zote, nikazichonga khalati kanisimamia, hapana hiyo ina vipande vitatu, hiyo viwili, hebu irudie. Wiki tano usiku usiku, stima ikikatika tunangoja.

Haya sasa, kosa.

Laptopu yangu haikuweza kubeba skani nzima kwa umbo lake la asili. Kwa hivo nikaigeuza kila slesi iwe picha ya kawaida, jina lake namba tu, 1, 2, 3 mpaka zaidi ya 300, alafu nikazipanga upya kwenye programu moja baada ya nyingine. Kile nilichokitupa njiani bila kujua ni kwamba kila slesi kwenye faili ya hospitali huwa imebeba anwani yake, yaani mahali ilipokaa mwilini kwa milimita, juu ama chini, na programu za matibabu huisoma hio anwani zenyewe. Picha ya kawaida haina anwani. Ina namba tu, na namba 1 yaweza kuwa upande wa kichwa au upande wa miguu, inategemea mashine ilianza wapi. Mimi nikadhani 1 ni juu. Ilikuwa chini.

Moyo ukatoka kichwa chini miguu juu. Nikacheka, nikaukamata nikauzungusha ukasimama, nikaendelea na kazi. Hapo ndipo nilipoharibu. Manake ukipanga slesi kinyume hujaugeuza moyo, umeufanya kivuli chake cha kwenye kioo, na ukizungusha kivuli cha kioo utakavyo hakiwi kitu chenyewe. Chukua kubadhi la kushoto. Lisimamishe, lilaze, lizungushe utakavyo, mguu wa kulia haliwi. Mimi nilikuwa na kubadhi la kushoto mkononi, nikalisimamisha, nikaona kisigino kiko chini, nikasema haya, ni la kulia.

Na programu haikulalamika. Hili watu wa 3D watanielewa, ukigeuza modeli kioo baada ya kuivika ngozi, pembetatu zinatazama ndani nje, modeli inaonekana nyeusi ama imetobokatoboka, unajua kuna shida. Lakini mimi niligeuza kabla ya kuvika. Ngozi ikavikwa vizuri juu ya kitu kibaya. Kosa jingine nililofanya wiki ileile, kuweka unene wa slesi vibaya, moyo ukatoka umebonyea kama chapati, nililiona kwa sekunde moja. Hili la kioo halikuwa na umbo la kosa.

Swali ambalo kila nikisimulia mtu huuliza ni moja: khalati wako ni mwalimu wa anatomia miaka na miaka, asione vipi? Na mimi nlimuuliza, kwa adabu. Jibu lake ni kwamba alikuwa anatazama majina, hakutazama pande. Kila kitu kilikuwa na jina lake sahihi kwa kitu chenyewe. Chumba chenye ukuta mnene kimeandikwa ventrikali ya kushoto, sawa. Mrija utokao kwenye chumba chembamba umeandikwa wa mapafuni, sawa. Vali yenye vipande vitatu iko kati ya vyumba vya kulia, sawa. Damu inaingia inatoka kwa njia yake. Ndani ya moyo hakukuwa na uongo hata mmoja! Uongo ulikuwa baina ya moyo na mwili, na mwili haukuwepo.

Hili ndilo ninalotaka mtu anayetengeneza vitu hivi alifikirie. Nilikuwa nimeuweka moyo peke yake kwenye giza, mandhari nyeusi, taa moja ya pembeni, unaelea. Mpaka leo ukinionyesha ile picha ntakwambia ni kali. Lakini kiungo kinachoelea peke yake hakina kulia wala kushoto. Kulia ni kulia kwa kuwa ini liko upande ule, kwa kuwa uti wa mgongo uko nyuma na kidari kiko mbele. Toa majirani wote na umeutoa moyo pande zake, ni kama kumuuliza mtu Kibokoni iko mkono gani na hujamwambia umesimama wapi.

Alafu kuna kamera. Mimi nimezoea kuuza majumba, so modeli ilikuwa ikifunguka kwa pembe ya madaha, kutokea chini kidogo na kwa ubavuni, vile gari jipya hupigwa picha. Hakuna daktari anayeutazama moyo kwa pembe ile. Mtu akifungua hajui ameanzia mbele ama nyuma, anaanza kuzungusha tu na kidole, na kila mmoja anazungusha njia yake. Nilijivunia hio uhuru, nikaiona ndio faida kubwa kuliko kitabu. Baadae nikasoma kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada walilijaribu hili kwa wanafunzi na modeli za vile vifupa vidogo vya kifundo cha mkono, wakaona sehemu kubwa ya kujifunza yatoka kwenye mitazamo michache ya msingi, mbele na nyuma, na hizo pembe nyingine nyingi haziongezi sana. Ningelijua hilo mapema moyo ungefunguka ukitazama mbele, na khalati angeliona kosa siku ya kwanza.

Lakini sababu iliyoniuma zaidi ni hii, na nimeipata kwa wanafunzi wenyewe. Kwenye anatomia kulia ni kulia kwa mgonjwa, sio kwako wewe unayetazama. Yeye akikukabili, kulia kwake ni kushoto kwako. Kila mwanafunzi mpya huteseka na hilo muhula mzima. Sasa moyo wangu kwa kuwa umegeuka, ventrikali ya kulia ilikuwa upande wa mkono wa kulia wa mtazamaji, ya kushoto upande wa kushoto. Raha mustarehe. Hakuna kugeuzageuza kichwani. Wakaishika haraka sana, khalati akafurahi, mimi nikafurahi zaidi, tukaambiana teknolojia imefanya kazi, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nikawa nawahadithia watu maskani kwamba wanafunzi wanaelewa moyo kwa siku mbili kitu ambacho zamani kilichukua wiki. Ule wepesi ndio ulikuwa dalili na sisi tuliuhesabu kuwa ushindi.

Na pia, hii ni ya kuchekesha kidogo, simu zimetuzoeza vioo. Kijana anajiona kwenye selfi kila siku uso umegeuka, anachana nywele kwa kamera ya mbele, kitu kilichogeuzwa hakimshtui tena.

Kuna mtu atauliza lakini si kila mtu ajua moyo uko kushoto? Wanajua! Khalati alifanya jaribio palepale siku ya mbuzi, akawaambia wekeni mkono penye moyo wenu, mikono yote ikaenda kushoto. Akawaambia sasa fungueni simu, muweke simu kifuani kama ni moyo wenu, skrini itazame nje. Ncha ya moyo ikaelekea kulia kwa kila mtu. Wakatazamana. Yaani lile la moyo uko kushoto liko droo yake na la kwenye simu liko droo yake na hakuna aliyewahi kuzifungua pamoja, mimi pia nimo kwenye wasiofanya hivo, mimi niliyelala na huo moyo wiki tano.

Madhara yangekuwa gani? Sitaki kutia chumvi. Hakuna mgonjwa aliyeguswa, walikuwa bado darasani. Lakini hawa ndio watu ambao baada ya miezi kadhaa wangetumwa wodini kuweka nyaya za ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kifuani, na ile ya kwanza, V1, inakaa kulia ya kidari kwenye nafasi ya nne ya mbavu, V2 kushoto yake, alafu zinazofuata zinazunguka kwenda ubavu wa kushoto. Wangekumbuka kwa kukariri pengine wasikosee. Ila kukariri kitu huku picha ya kichwani yasema kinyume ni taabu, na usiku wa manane wodini mtu hurudi kwa picha.

Tumerekebishaje. Kugeuza kioo chenyewe ni kubofya mara mbili tatu, na kuzielekeza upya pembetatu zitazame nje, dakika kumi. Maandishi kuyarudisha mahali pake, jioni moja. Nikafikiri nimemaliza. Khalati akasema hujaanza.

Akataka majirani. Nikaongeza mbavu, zinaonekana kama kivuli cha glasi, uti wa mgongo, mapafu, na kipande cha juu cha ini. Hizi sikuzitoa kwenye skani yangu, kuna Wajapani walitengeneza modeli za mwili mzima wakaziachia watu watumie kwa leseni huria, BodyParts3D inaitwa, nikachukua huko nikazipima zikae na moyo wangu. Wapo waliotangulia mbali zaidi, Marekani maktaba yao ya taifa ya tiba mwaka 1994 ilitoa mwili mzima wa mwanamume aliyehukumiwa kifo akauawa kwa sindano gerezani Texas, Joseph Paul Jernigan, aliukubali mwili wake utumike kwa sayansi, wakaugandisha wakausaga milimita moja moja wakipiga picha kila hatua, picha 1,871. Slesi vilevile kama zangu. Lakini kwao pale mtu akipanga foleni kinyume ini litaruka upande wa kushoto, na hata mimi nisiyesomea ningeliona. Mwili mzima unajilinda wenyewe.

Akataka alama. Wapiga eksirei wana herufi za madini ya risasi, R na L, wanaiweka moja pembeni ya filamu kabla ya kupiga, na picha isiyo na herufi hawaiamini hata iwe nzuri vipi. Wale watu hawajidai kwamba wanaona kwa macho upi ni upi. Nikaweka KULIA kwa rangi nyekundu upande wa kulia wa kifua, imeshikamana na mbavu, ukizungusha inazunguka nayo. Mbaya kidogo kwa sura, nakubali, imeniharibia picha. Imebaki.

Akataka mlango mmoja wa kuingilia. Sasa modeli inafunguka mgonjwa amesimama anakutazama, kuna vitufe vinne, mbele, nyuma, kulia, kushoto, na uhuru wa kuzungusha unafunguka baada ya kupitia vyote vinne. Wanafunzi walilalamika, mmoja aliniambia eti nimeifanya kama fomu ya serikali.

Kilichotushinda ni kurudisha ile ya zamani. Ile modeli niliitengeneza faili moja la kufunguka kwenye brauza bila intaneti, makusudi, kwa ajili ya bando. Uzuri wake ni kwamba mmoja akiwa nalo anamrushia mwenzake. Ubaya wake ni huohuo. Lilikuwa lishapita kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa Bluetooth, kwenye madarasa mengine, vyuo vingine huko siwajui. Faili halina kamba nivute. Nilichoweza ni kubadilisha sura, mpya nikaipa mandhari ya samawati, ya zamani ni nyeusi, khalati akatangaza darasani na magrupuni: ukiona moyo kwenye giza, futa. Namba ya toleo pia nimeandika chini lakini hakuna anayesoma namba, rangi ndio wanaona.

Kufundisha upya kulikuwa kugumu kuliko kufundisha. Khalati hakutumia modeli yangu kabisa wiki mbili za mwanzo. Alirudi bucha. Mbuzi si mtu, mrija mkuu wake juu pale unatoa tawi moja kubwa linalogawika mbele wakati wa binadamu unatoa matatu, aliwaambia hivo wazi, lakini pande za moyo ni zilezile na ukiminya vidole vinakwambia. Alafu akamvalisha mwanafunzi mmoja fulana nyeupe akachorwa moyo juu ya kifua na kalamu ya wino mzito, akasimama mbele ya darasa saa nzima, kila anayejibu anaenda kumgusa yeye, sio ubao. Wengi walikaa sawa baada ya hapo. Wachache ilibidi mara tatu nne, na ni walewale waliokuwa wa kwanza kushika modeli ya giza.

Hapa mimi na khalati hatuelewani mpaka sasa. Yeye asema mbuzi kwanza, simu baadae, na angekuwa na uwezo simu isingeingia kabla mtu hajanusa moyo wa kweli. Mimi nasema moyo wa mbuzi ukishaupasua mara moja umeisha, kesho umeoza, na damu haipiti, huwezi kumwonyesha mtu vali inafunga wakati gani. Kwenye simu anapasua mara mia. Anajibu, "Mara mia kinyume." Sina jibu hapo nanyamaza, alafu baada ya muda anacheka anasema kosa moja haliachi mke, lete chai.

Saa hii niko kwenye ini. Nimeanza na mwili mzima tupu, mbavu na herufi zimewekwa kabla ya kiungo chochote, na faili za skani nimezisoma na anwani zake, nimeazima mashine ya maana kwa rafiki. Ini lina mambo yake, Mfaransa Claude Couinaud aliligawa sehemu nane mwaka 1957 kwa kufuata mishipa ya ndani, kwa nje huzioni, hapo ndio kompyuta inafaa kweli na mbuzi hawezi kunishinda. Khalati anapitia. Swali lake la kwanza kila nikimfungulia ni kulia wapi, hata herufi anaiona.

Juzi alinitumia picha. Mwanafunzi mpya wa mwaka wa kwanza, ameanza chuo wiki hio, amekaa mbele kabisa na simu yake mkononi anajisomea kabla ya somo. Skrini nyeusi, moyo unaelea. Khalati alimuuliza ameutoa wapi, akasema amerushiwa na binamu yake wa Likoni.